Kabati la Tano

Mtaani walimwita Rubani, ingawa hakuwahi kuendesha ndege hata siku moja. Mwanzoni alijitahidi kuwasahihisha. Alieleza kwamba rubani ni yule anayekaa mbele na kushika usukani. Yeye alikuwa mhandisi wa ndegeni, anakaa nyuma ya marubani wawili kwenye kiti cha pembeni, uso umeelekea ukuta uliojaa mishale na taa. Kazi yake ilikuwa kuangalia kama injini zote nne ni nzima, kama mafuta yanakwenda kunakotakiwa, kama umeme unatosha. Watu walimsikiliza kwa adabu, wakatikisa vichwa, kisha wakamuuliza, "Sasa Rubani, huko juu huwa hamwogopi?" Akachoka, akawa anaitika tu.

Na jibu lilikuwa hapana, au ndivyo alivyoamini mwenyewe. Katika miaka yake yote jeshini, ndani ya lile dege kuukuu la mizigo lililonuka mafuta na turubai, injini iliwahi kuwaka moto wakiwa juu ya mawingu na mkono wake haukutetemeka. Halafu jeshi likanunua ndege mpya. Zilikuwa na viti viwili tu mbele. Ule ukuta wa mishale haukuwepo, kazi yake yote ilifanywa na kompyuta isiyozidi ukubwa wa sanduku la viatu. Aliagwa vizuri, akapewa mkono, akarudi nyumbani na begi lake. Hapo ndipo alipoijua hofu ni mdudu gani.

Ilianzia kwenye usaili wa kwanza, katika kampuni moja ya simu. Alikaribishwa kwenye kiti chenye magurudumu, na alipokaa tu kikarudi nyuma chenyewe, akajikuta ameshika meza kwa mikono miwili. Ndegeni kiti hufungwa kwenye reli na mtu hufungwa kwenye kiti. Mbele yake walikuwa watu watatu wenye nyuso za kawaida, hakuna hata mmoja aliyekunja ndita.

"Tueleze uzoefu wako katika teknolojia," mmoja akasema.

Yote aliyoyajua yalikuwa kichwani, lakini yalikuwa yamevaa magwanda, na hakujua nguo nyingine ya kuyavisha. "Nilikuwa nakaa nyuma ya rubani," akasema. Wakasubiri aendelee. Hakuendelea. Yule wa katikati akaandika kitu kwenye karatasi, kitu kifupi sana, na ufupi ule ndio uliommaliza nguvu.

Usaili wa pili haukuwa na nafuu. Wa tatu hakuuingia kabisa. Alifika hadi ghorofani, akajifungia kwenye choo cha wageni, akanawa uso tena na tena, mpaka akasikia jina la mtu aliyetakiwa kuingia baada yake likiitwa. Akashuka kwa ngazi ili asikutane na mtu kwenye lifti.

Mkewe alimkuta sebuleni anavua viatu polepole kupita kiasi.

"Wamesemaje?"

"Sikuingia. Miguu ilikataa."

Mkewe alikuwa mkunga, mwanamke mwenye mikono mikubwa na sauti ya chini. Hakucheka wala hakusikitika. "Mimi kila siku napokea watu ambao miguu imewakatalia mlangoni," alisema. "Na wote huwa wanaingia. Njoo mezani."

Binti yao alikuwepo, amerudi kutoka chuoni ambako alikuwa anasomea kompyuta. Yeye ndiye aliyemwandikia baba yake wasifu wa kazi. Mama yake akamwambia ausome kwa sauti, wote wausikie. Binti akajikohoza, akasoma: "Mtaalamu mwenye weledi wa kusimamia mifumo changamani katika mazingira yenye mabadiliko ya haraka."

"Huyo ni nani?" baba akauliza.

"Ni wewe, baba."

"Mabadiliko gani ya haraka?"

"Si mlikuwa mnapaa na kutua?"

Mkunga alicheka hadi akaweka kikombe chini. "Futa hiyo, mwanangu. Ukimwambia mzazi maneno kama hayo anadhani mtoto ana mikia miwili." Akamgeukia mumewe. "Hebu niambie mimi. Jifanye sijui kitu, na kweli sijui. Siku ile jenereta ilipokufa mkiwa angani, ulifanya nini kwanza?"

Akamweleza. Kila injini huendesha jenereta yake, alisema, na moja ikifa mzigo wake wote huwaangukia wenzake. Ukiuacha uwaangukie kwa mpigo, nao hupaliwa, mnabaki gizani. Kwa hiyo unatazama kwanza ni vitu gani mnaweza kuishi bila kuwa navyo: kipasha joto cha nyuma, jiko la chai. Unavizima. Kisha unahamisha vile vya lazima, kimoja kimoja, unakitaja kwa sauti kabla ya kukigusa, unasubiri mshale utulie, unakwenda kingine. Wakati huo marubani wana shida zao na hawataki kelele, lakini lazima wakusikie. Mikono yake ilikuwa imeanza kwenda yenyewe juu ya kitambaa cha meza, ikibonyeza swichi zisizokuwepo.

Binti alikuwa ameacha kuandika. "Baba, kuna watu wanafanya kazi hiyohiyo hapa chini."

"Kwenye ndege zipi?"

"Hakuna ndege. Vituo vya data." Akamweleza habari za majengo yaliyojaa kompyuta za hospitali, za benki, za serikali, ambazo haziruhusiwi kuzimika hata kidogo, na za mafundi wanaokesha wakichunga umeme wake, betri zake, jenereta zake na ubaridi wake.

"Kompyuta ndizo zilizonifukuza kazi, leo niende nikazilee?"

"Umeme ni uleule, baba. Haujui kama uko jeshini au uraiani."

Wakaikalia kazi hiyo hadi mchuzi ukapoa. Kila neno alilosema baba, binti alilitafutia mwenzake wa uraiani, na mama akawa hakimu: lile asilolielewa lilifutwa. Kabla hawajalala wasifu ulikuwa nusu ya urefu wake wa zamani, na kwa mara ya kwanza baba alimtambua yule mtu aliyeandikwa mle.

Alipata usaili katika kituo kimoja cha data, jengo refu lisilo na madirisha nyuma ya barabara ya viwanda. Hofu ilikuja naye, haikubaki nyumbani. Alikalia viganja vyake ili visionekane. Walikuwa wawili tu: meneja, mwanamume mwembamba mwenye simu mbili, na msimamizi wa zamu, dada mmoja anayekaribia umri wa makamo ambaye kila mtu alimwita Injinia. Injinia ndiye aliyeuliza.

"Njia moja ya umeme ikifa, unaanza na nini?"

"Naanza na kutafuta ninachoweza kukizima bila mtu kuumia."

Injinia alimtazama kidogo, kisha akamtazama meneja. Wakamchukua kwa muda wa majaribio.

Wenzake kazini wakamwita Afande. Walikuwa vijana wacheshi, wanaotaniana kuhusu mpira na mishahara, na hawakumfanyia ubaya wowote. Lakini kila asubuhi, alipopitisha kadi yake mlangoni, alisubiri taa iwake nyekundu na mlinzi amwambie kwamba wamegundua. Wamegundua nini, hakujua. Ukumbi wa kompyuta ulikuwa na baridi ya jokofu na mvumo wa feni usiokatika; ndegeni kelele ilikuwa kubwa zaidi, ila ndegeni kila mtu alivaa vipokea sauti na walisikiana hadi pumzi. Hapa watu walizungumza kwa ishara za mikono na kusomana midomo. Mara nyingi alitikisa kichwa kukubali jambo ambalo hakulisikia, kisha akazunguka kona na kusimama nyuma ya kabati, kijasho chembamba kikimtoka kwenye baridi ile, akijaribu kukisia ameambiwa nini.

Ili asiumbuke, alikariri. Karibu na mlango wa kuingilia ulitundikwa mchoro mkubwa wa umeme wa jengo zima, ndani ya fremu ya kioo. Kila alipopata nafasi alisimama mbele yake kama mtu anayesoma matangazo. Akaumeza wote: kila safu ya kompyuta inalishwa umeme kwa njia mbili, ya kushoto na ya kulia, ili moja ikifa nyingine ibebe, na kila njia ina kabati lake la swichi, na kila kabati lina namba yake.

Aliyefanya naye kazi kwa karibu ni fundi umeme mmoja mnene, mpole, aliyeitwa Kimya. Jina lilimfaa. Aliambiwa akaenda, akamaliza akarudi, na kati ya kwenda na kurudi hakuna aliyejua anawaza nini. Afande alimpenda, kwa sababu pembeni ya Kimya hakuna aliyetarajiwa kusema neno.

Ikaja Jumapili ya kubadilisha betri. Betri za njia yote ya kushoto zilikuwa zimechoka, na ili zibadilishwe ilibidi njia hiyo izimwe, safu baada ya safu, huku kompyuta zikibaki zinakula kwa upande wa kulia. Wenye kompyuta walikuwa wamearifiwa na walitoa ruhusa ya asubuhi moja tu. Miongoni mwao kilikuwepo kituo cha kupokea simu za magari ya wagonjwa. Kompyuta zake zilikuwa safu ya tatu. Injinia alilisema hilo asubuhi wakiwa wamesimama duara, bila kupandisha sauti: "Safu ya tatu ikizimika, mtu anayepiga simu kuita gari hatajibiwa. Sitaki kusikia habari hiyo."

Afande akaupitia tena ule mchoro kichwani.

Walianza vizuri. Injinia alisimama katikati ya ukumbi na karatasi ya kazi, Kimya kwenye makabati, Afande nyuma yao akitazama vipimo. Safu ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Injinia akanyoosha vidole vinne, Kimya akazima kabati la nne, na safu ya tatu ikabaki inaning'inia kwa njia ya kulia peke yake. Afande akatazama vipimo. Vimetulia. Akashusha pumzi.

Injinia akanyoosha vidole vitano.

Kwenye mchoro alioukariri, kabati la tano lilikuwa njia ya kulia ya safu ya tatu. Njia pekee iliyobaki hai.

Kimya alikuwa ameshageuka na anatembea, bila haraka, kama mtu anayekwenda kuzima taa ya chumbani. Afande akajiambia kwamba hakuona vizuri. Akajiambia Injinia amefanya kazi hapa miaka mingi, yeye ni wa juzi. Akajiambia kwamba amesahau mchoro, kwamba ni kabati la sita analofikiria, kwamba akifungua mdomo na ikawa amekosea, mambo yake yamekwisha. Atarudi nyumbani, na safari hii hata mkunga hatakuwa na la kumwambia. Kimya akafungua mlango wa kabati. Akapandisha mkono.

"Simama!"

Ilikuwa sauti ya jeshini, ile inayokata mvumo wa injini nne. Hakujua kama bado anayo. Kimya aliganda mkono ukiwa hewani. Injinia akageuka. Mama wa usafi aliyekuwa anapiga deki ukumbini mwisho kabisa naye akasimama wima, mopu mkononi.

"Nini?" Injinia akauliza akimkaribia.

"Kabati la tano ni kulia ya tatu." Sauti yake sasa ilikuwa ya kukwaruza. "Ukilizima, safu inakufa."

"Tano ni kushoto ya nne, Afande."

"Mchoro unasema kulia ya tatu."

Injinia alimtazama, kisha akamwambia Kimya, "Usiguse." Wakaenda wote hadi mlangoni, wakasimama mbele ya fremu ya kioo, na kweli mchoro ulisema hivyo. Injinia akakunja uso. Wakarudi ukumbini, wakafungua vipande vya sakafu ambayo nyaya zilipita chini yake, wakafuata waya kwa tochi kutoka kwenye kabati la tano, wakiwa wamepiga magoti, mkono baada ya mkono, chini ya mihimili ya chuma na vumbi la siku nyingi. Haikuwa kazi ya haraka. Waya ulipita safu ya tatu bila kusimama. Ukapanda safu ya nne, upande wa kushoto.

Injinia alikuwa sahihi. Jengo lilipoongezwa, makabati yalipewa namba mpya, na mchoro ule wa mlangoni hakuna aliyekumbuka kuutoa.

Afande alibaki amepiga magoti na tochi inawaka. Ofisini, simu za meneja zilikuwa zimeanza kuita. Wenye kompyuta walitaka kujua kuna nini, na muda waliotoa ulikuwa unayoyoma. Mwishowe meneja akaja mwenyewe, akasikiliza, akasema kazi isitishwe, warudishe kila kitu kama kilivyokuwa, ipangwe Jumapili nyingine. Hakumtazama Afande hata kidogo. Wale vijana wacheshi hawakutania. Walirudisha umeme safu baada ya safu, na Afande akatazama vipimo bila kuviona.

Nyumbani alisema kazi ilikuwa nzuri. Akala kidogo, akaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma. Mkewe akamfuata na kanga mabegani, akakaa ngazi ya juu yake.

"Kazi nzuri haimkalishi mtu hapa," alisema.

Akamwambia yote. Alipofika kwenye neno lenyewe alilitamka chini chini kama tusi. "Nimewasimamisha watu wazima kazini, na nilikuwa nimekosea. Kesho nimeitwa na meneja."

"Ulipokuwa angani hukuwahi kukosea?"

Alifungua mdomo aseme hapana. Akakumbuka kiti chake cha pembeni na bega la kapteni mbele yake. Alikuwa akimsimamisha kapteni kila mara. Ngoja, hiyo siyo namba tatu. Ngoja, mafuta hayajahama. Na mara nyingi ilikuwa ndiyo namba tatu, na mafuta yalikuwa yamehama. Kapteni alikuwa anasema "nimesikia", anatazama, anaendelea.

"Siku ile ya moto," akasema polepole, "mkono wangu haukutetemeka kwa sababu nilikuwa nimeushikilia kwa mkono mwingine. Nimewadanganya watu miaka yote. Nimejidanganya hata mimi. Nilikuwa naogopa kila siku, mke wangu. Kila tulipopaa."

"Najua," mkewe akasema. "Ulikuwa unarudi nyumbani unalala kama mtu aliyezaa."

Asubuhi alivaa shati alilokwenda nalo kwenye usaili. Kadi ilimfungulia mlango, jambo ambalo halikumpa faraja. Alijua jeshini mtu huitwa kwanza ndipo anyang'anywe vitu vyake. Kwenye chumba cha meneja aliwakuta Injinia na Kimya. Kumwona Kimya kulimwongezea hofu: basi wameleta na shahidi. Alibaki wima hadi alipoambiwa mara ya pili akae.

Meneja aliweka simu zote mbili kifudifudi mezani. "Jana tumewaudhi watu wanaotutegemea," alisema. "Wameniuliza sababu, nimekosa cha kuwaambia. Nataka nielewe. Ulikuwa na uhakika?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini ulipiga kelele?"

Afande alitazama meza. Aliona maneno ya jeshini yanakuja, na hakuwa na binti wa kumtafsiria. Akayaacha yaje yalivyo. "Ndegeni ukiwa na shaka unasema kabla mkono haujagusa. Ukishagusa hakuna wa kumwambia tena. Kukosea hatukuadhibiwa. Tuliadhibiwa kwa kunyamaza."

"Na mara ngapi ulikuwa sahihi?"

"Mara chache."

Meneja aliegemea nyuma. Afande akaongeza, kwa kuwa hakuona tena cha kupoteza, "Niliogopa sana kusema. Hata sasa hivi naogopa. Nadhani mnanifukuza."

"Hata mimi naogopa," ikasema sauti pembeni.

Wote waligeuka. Kimya alikuwa anatazama mikono yake. Alizungumza kama mtu anayevuta kitu kizito kutoka kisimani. "Tangu nianze kazi hapa, kila nikishika swichi naomba Mungu kimoyomoyo aliyenituma asiwe amekosea. Vidole vitatu na vidole vinne, kwa mbali, kwenye mwanga ule, naona sivyo. Nakisia. Jana nilikisia mara mbili. Sijawahi kuuliza. Nilidhani naogopa peke yangu."

Injinia aliinua kichwa. Uso wake ulikuwa umepauka. "Ulikisia zipi?"

"Ya kabati la tatu. Na ile ya la nne."

Kabati la nne ndilo la safu ya tatu, ile ya magari ya wagonjwa. Meneja alizigeuza simu zake, akazitazama, akazigeuza tena. Afande aliona kwamba na yeye sasa alikuwa anaogopa, na Injinia pia, na kwamba chumbani mle hapakuwa na mtu hata mmoja asiyeogopa.

Injinia ndiye aliyejikusanya kwanza. "Kuanzia leo hakuna vidole," alisema. "Tutanunua vipokea sauti. Afande, wewe utatuonyesha mnavyosemezana huko kwenu. Na ule mchoro utolewe leo, nitautoa mwenyewe."

"Ila sikuahidi kitu," meneja akamwambia Afande. "Muda wako wa majaribio unaendelea palepale ulipokuwa."

"Sawa, bosi," akajibu, akatoka.

Wiki hiyo walifanya mazoezi kwenye ukumbi mtupu wa ghorofa ya juu, makabati yakiwa maboksi ya karatasi ngumu. Vijana walicheka mwanzoni. Mmoja alisema anajisikia kama anapaa kwenda mwezini. Afande aliwafundisha alichokijua: anayetoa amri anataja, anayegusa anarudia, wa tatu anathibitisha, na yeyote akisema simama, kila mtu anatoa mkono, hata kama aliyesema ni mama wa usafi. "Na mtu akikusimamisha," aliwaambia, "unajibu nimesikia. Humwulizi kwa ukali. Ukimwuliza kwa ukali leo, kesho ananyamaza." Alipokuwa anafundisha hakuogopa. Akimaliza tu, hofu ilirudi ikamkalia tumboni kama ilikuwa imetoka kidogo kununua sigara.

Jumapili nyingine ikafika. Injinia aligawa kazi, na swichi akampa Afande. Hakueleza sababu. Safu ya kwanza. Ya pili. Masikioni mwake sauti za wenzake zilikuwa karibu, na pumzi zao, kama zamani.

"Kabati la nne, kushoto ya safu ya tatu," Injinia akasema.

"Kabati la nne, kushoto ya safu ya tatu," akarudia. Akafungua mlango. Akaweka kidole kwenye swichi. Kidole kilikuwa kinatetemeka na hakukificha.

"Simama," Kimya akasema.

Hasira ilimpanda Afande ghafla, ikamshangaza. Alikuwa ameshasoma namba, alikuwa na uhakika, muda ulikuwa unakwenda, na huyu naye. Jibu kali lilimfika kooni kabisa. Akatoa mkono. "Nimesikia," akasema.

"Sijasikia kipimo cha upande wa kulia," Kimya akasema. "Labda kimesemwa. Mimi sijakisikia."

Hakikuwa kimesemwa. Wa vipimo, kijana mmoja mwepesi wa miguu, alikuwa amekiona ni kizima akasahau kukitaja. Akakitaja: upande wa kulia wa safu ya tatu uko hai, unabeba. Wakarudia tangu mwanzo. Afande akabonyeza. Mlio mdogo ulisikika ndani ya kabati, kisha hakuna kilichobadilika. Feni zikaendelea kuvuma, taa ndogo za kijani zikaendelea kuwaka safu nzima. Alisimama akizitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mpaka Injinia akamwambia kwa upole kwamba wanamsubiri kwenye kabati la tano.

Betri zilibadilishwa. Meneja alikuja mwishoni, akatazama vipimo, akaondoka bila kusema neno, na vijana wakaamua kwamba hiyo ndiyo shukrani yake. Muda wa majaribio ulipokwisha Afande alipewa ajira. Binti yake alitaka kuusasisha wasifu wake, akamwambia auache kwanza, mwenyewe ataandika kile kipande kipya, na alikiandika kwa maneno yaliyoeleweka nyumbani kote.

Kimya naye, tangu siku ile ofisini, alianza kuuliza. Aliuliza asubuhi, aliuliza wakati wa chakula, aliuliza mpaka vijana wakaanza kutazamana. Siku moja Injinia akamwambia Afande wakiwa kwenye korido kwamba kuna jenereta itapimwa kwa mara ya kwanza Jumapili ijayo, kwa mzigo wote wa jengo, na kwamba anataka Afande asimamie.

"Mzigo wote kwa mpigo?" Afande akauliza.

"Wote."

Hofu ikamjia, taratibu, kama kawaida yake. Akamwomba Injinia amsubiri dakika moja, akaenda kumtafuta Kimya, amsikie atauliza nini.